Gari Nitalileta Mwenyewe

Tangu nirudi sijapita sokoni wala kanisani bila kusimamishwa. Wengine wamesikia tulipinduka. Wengine wamesikia nilikamatwa Morogoro, na mwalimu mmoja hapa Lushoto, ambaye simtaji, anasimulia kwamba nililala rumande. Hakuna hata moja kati ya hayo lililotokea. Yaliyotokea yana ladha zaidi, kwa hiyo nayaandika mara moja, kila mtu asome, nami ninywe chai yangu kwa amani.

Mwanangu Samweli anafanya kazi ofisini Dodoma. Krismasi alikuja nyumbani na mkewe, akaona mkwaruzo kwenye mlango wa Landrova yangu. Ni kweli niligusa nguzo ya geti la kanisa. Nguzo ipo mpaka leo. Samweli hakusema kitu siku ile. Alisubiri sebule ijae wageni, kisha akasema kwa ile sauti yake ya mkutanoni, "Mama, umri umekwenda. Mvua zikiisha nitakuja kulichukua gari."

Wageni wakaitikia, "Kweli, kweli," kama vile wameulizwa.

"Usijisumbue," nikamwambia. "Gari nitalileta mwenyewe."

Wakacheka wote. Mimi sikucheka. Nilikuwa mkunga kwa zaidi ya miaka thelathini, na ukunga niliuacha bila kuambiwa na mtu. Siku moja niliweka kipimo kwenye tumbo la mama mmoja nikashindwa kusikia moyo wa mtoto, mwenzangu akainama akausikia. Nikavua koti jeupe wiki ile ile. Najua kuacha kitu. Nisichokijua ni kunyang'anywa. Leseni niliipata mwaka wa Uhuru. Watu wengi mwaka ule walipata vingi, mimi nilipata hiyo, na sikuona kwa nini ng'ombe wangu aje afunguliwe kamba zizini na mwingine huku mimi nimesimama mlangoni.

Kutoka Lushoto kushuka Mombo

Tuliondoka Jumamosi asubuhi, mvua zikiwa zimeisha. Nasema tuliondoka kwa sababu jirani yangu Zaina alikuwa tayari amekaa ndani ya gari nilipotoka na ufunguo. Mnamfahamu, yule mwenye bustani za kabichi bondeni kwetu. Nimemzidi kama miaka kumi. Alikuwa na gunia la viazi, kapu la plamsi na kapu la peasi, na amevaa makoti mawili.

"Unakwenda wapi, Zaina?"

"Dodoma. Nataka kuona nchi tambarare. Maisha yangu yote nikiinua macho nakutana na mlima."

"Makoti mawili ya nini?"

"Mpeho, dada." Ndivyo tunavyouita baridi kwetu. Hakuamini kwamba kuna mahali mpeho haufiki.

Kwenye zile kona za kutoka Soni nilipiga honi kila mahali panapostahili honi. Zaina, ambaye macho yake yanaweza kuhesabu mbuzi kwenye mlima wa pili, alikuwa ananitajia kila kinachokuja. "Basi linapanda. Mama na kuni, kushoto. Mbwa, lakini amelala." Nilimwambia anyamaze, naona mwenyewe. Alinyamaza mpaka kona iliyofuata.

Mombo kulikuwa na kizuizi. Askari kijana akaja upande wangu, akachungulia ndani, akatazama nyuma kwenye viazi.

"Dereva yuko wapi?"

"Yuko hapa," nikasema.

"Namuuliza dereva, mama."

"Na mimi nakujibu."

Akageuka akatazama vichakani, akaona labda dereva amekwenda kujisaidia. "Basi akirudi mwambieni aje kibandani." Akaenda kukaa kivulini, na kwa ngurumo za mabasi tulisikia "kibandani" tu. Sisi tukadhani ametuambia tusubiri kwa ajili ya viazi, kwa sababu siku hizi mazao yanaulizwa kila kizuizi. Tukasubiri. Jua la Mombo likapanda. Zaina akavua koti la kwanza, halafu la pili. Tukanunua mihogo ya kuchoma na chai, tukala, tukagawia peasi watoto, wanawake na makondakta wawili wa mabasi, na bado yule kijana amekaa pale anamngoja mwanamume atoke kichakani.

Mwishowe Zaina akashuka akamwendea. "Mghosi," akamwita, kama tunavyomwita mwanamume kwetu, "unatuweka hapa mpaka lini?"

"Mpaka dereva wenu arudi."

"Dereva ndiye yule. Mwanamke yule pale mwenye kilemba. Hakuna mwingine."

Askari alikuja polepole, akachukua leseni, akaisoma mbele na nyuma. Halafu, nadhani haya ilimshika, akasema, "Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Leseni hii umeipata mimi sijaanza shule."

"Basi mimi nilijua barabara kabla wewe hujajua kusoma."

Alifungua kizuizi mwenyewe. Lakini nusu ya siku ilikuwa imekwenda, na badala ya kufika mbali tulilala Korogwe kwa nesi mmoja niliyemfundisha kazi, ambaye alitupikia bada, ule ugali wa muhogo, kwa samaki wa kukaanga na kutulaza kitanda kimoja. Zaina anapiga mateke.

Jumapili, baada ya daraja la Wami

Kama mjuavyo, siku hizi za kubana petroli, Jumapili ikifika saa nane mchana gari la mtu binafsi halitakiwi barabarani. Tulipanga kuwa Morogoro kabla ya hapo. Tungefika, ila tulipovuka daraja la Wami tairi la nyuma likapasuka. Nati moja ilikataa kabisa kufunguka. Nilisukuma spana, nikaivuta, nikaisemesha. Zaina akavua viatu, akapanda juu ya spana kwa miguu yote miwili akarukaruka huku ameshika paa la gari, anasema "Bismillahi" kila akiruka. Nati ikalegea, Zaina akaanguka juu yangu. Tulikaa mavumbini tukicheka mpaka dereva wa lori la mkonge akasimama kuuliza kama tumeumia.

Saa nane ikatukuta njiani. Nikaendesha kidogo nikitafuta pa kutokea, nikaona njia inayoingia kijiji cha ujamaa, nikaishika.

Kitu nilichosahau ni kwamba Landrova inayotembea Jumapili saa nane na nusu ni ya serikali. Hakuna mtu asiyejua hilo. Kabla sijazima injini kengele ya kijiji ilikuwa inagongwa, ile ya chuma cha reli, watu wanatoka kwenye nyumba zao zilizopangwa kwa mstari, na mwenyekiti anakuja mbio anafunga vifungo vya shati.

"Karibuni sana wageni wetu. Hatukupata taarifa, lakini tuko tayari."

"Ahsante," nikasema. Nilidhani ni ukarimu tu.

Wakatutembeza. Tuliona shamba la kijiji la pamba, tukaona ghala, tukaona msingi wa zahanati. Nilisifia kila kitu kwa sababu nimelelewa vizuri. Tulipofika kisimani mwenyekiti akasimama, akageukia watu, akasema kwa sauti, "Sasa ndugu mgeni atueleze, ile pampu tuliyoahidiwa inakuja lini?"

Watu wote wakanitazama. Zaina akaninong'oneza, "Dada, umeahidi nini?"

Ikabidi niseme. "Ndugu zangu, mimi ni mkunga mstaafu kutoka Lushoto. Nakwenda kumwona mwanangu. Nimeingia hapa kwa sababu ya saa nane."

Mwenyekiti alinitazama kama mtu aliyeuziwa kopo tupu. Halafu mkewe akaangua kicheko kutoka nyuma ya umati, akasema, "Na kuku nimeshamchinja!"

Kuku tulimla, kwa wali wa nazi, na sijala kuku mtamu kama yule tangu nirudi. Wanaume walituacha mapema, hawakuwa na hamu na sisi tena. Lakini wanawake walikaa. Alikuja mmoja mwenye mimba, akaja wa pili, wakajaa uani. Nilipapasa matumbo mpaka jua likazama. Masikio yangu yamechoka, lakini mikono inajua mtoto amelala vipi. Mmoja nilimwambia asingoje, mtoto amekaa vibaya, aende hospitali wiki hiyo hiyo.

"Niende na nini?" akaniuliza. "Basi linapita barabarani likitaka."

Asubuhi tulimchukua yeye na mama mkwe wake mpaka Morogoro, hospitalini. Njia nzima Zaina alimlisha plamsi. Mimi niliendesha kama nimebeba mayai, na nikawa najisemea, Samweli anataka kunitoa kwenye hili?

Morogoro hadi Gairo

Sasa nakuja mahali ambapo wengi mngependa nipasimulie haraka. Sitapasimulia haraka.

Tulichelewa kutoka Morogoro kwa ajili ya yule mgonjwa. Lami iliisha, vumbi likaanza, jekundu, linaingia mpaka kwenye meno. Kuanzia Dumila barabara inakwenda magharibi, na mchana ukishapinda jua linakaa mbele yako kwenye kioo. Zaina, aliyekuwa hajalala vizuri kule kijijini, alisinzia. Sikumwamsha. Nilikuwa na kiburi cha asubuhi ile.

Karibu na Gairo nikaona vumbi na mwanga tu. Weupe mtupu. Nikapunguza mwendo. Kisha kutoka ndani ya weupe ule ikatoka baiskeli, iko mbele ya boneti, ina mtu juu yake na tenga nyuma. Nilikata usukani. Nilisikia kitu kinagonga bati. Gari likaingia kwenye majani likasimama.

Zaina alikuwa ameamka, amenishika mkono. Mimi nilishuka kabla ya pumzi kunirudia. Mzee mmoja, mtu wa umri wangu, alikuwa amekaa mtaroni, miguu imenyooka mbele yake, na kuku walikuwa wanatoka kwenye tenga mmoja mmoja wanakwenda zao. Nilimpapasa shingo, mabega, mbavu, nyonga, kama ninavyojua. Hakuvunjika popote. Kiganja kilichunika.

Alinitazama usoni muda mrefu. "Hukuniona?"

Ningeweza kusema vumbi. Ningeweza kusema jua, na lisingekuwa uongo.

"Sikukuona," nikasema. "Nisamehe."

"Mimi nilikuona tangu kule mbali," akasema. "Nikasema, Landrova ile inakwenda taratibu, dereva wake mtu mwema, atanipisha." Hakusema kwa ukali. Ingekuwa kwa ukali ningejibu kitu.

Zaina aliwakamata kuku, wote, amefunga kanga kiunoni anakimbia kwenye majani kama msichana. Rimu ya mbele ya baiskeli ilikuwa imepinda. Tukaipandisha nyuma, tukampandisha na mzee, Yohana jina lake, nikaendesha mwendo wa mtu anayetembea, Zaina ametoa kichwa nje dirishani ananiambia kila kitu, na safari hii sikumwambia anyamaze. Gairo fundi aliinyoosha rimu. Mzee Yohana akatukataza kulala kwenye nyumba ya wageni. Mkewe alitupikia ugali na mlenda, akamsikiliza mumewe akisimulia, akaniuliza swali moja tu: "Una watoto?"

"Mmoja. Ndiye ninayempelekea gari."

"Afadhali," akasema. Lilinichoma lile neno kuliko hotuba yote ya Samweli.

Kabla jua halijazama nilimchukua Zaina barabarani. "Nenda kule, elekea jua. Mimi nikipoteza sura yako nitapiga kelele." Hakufika mbali. Nilipiga kelele akiwa karibu kiasi cha kusikia bila kupandisha sauti. Asubuhi tukarudia pale pale, jua likiwa mgongoni kwangu, Zaina akaenda mpaka akawa mdogo kama kidole na bado niliona rangi ya kanga yake. Kwa hiyo nilijua, na nilijua kwa kipimo, si kwa kuambiwa. Macho yangu yamekufa nusu siku. Mtu hawezi kuwa dereva wa nusu siku, kwa sababu barabara haiulizi saa.

Nikamwambia Zaina, "Leo mpaka Dodoma, taratibu, jua liko nyuma. Halafu basi, siendeshi tena."

"Basi kweli?"

"Basi kweli. Lakini usimwambie Samweli. Nitamwambia mwenyewe."

Niliendesha asubuhi ile vioo vyote vimefunguliwa. Tulipotoka kwenye vilima nchi ikafunguka, tambarare, mibuyu na michongoma na upepo. Zaina alishuka akasimama katikati ya nchi tambarare yake, akazunguka pande zote.

"Vipi?" nikamuuliza.

"Mbona mtu hana pa kujificha?" Akapanda garini akafunga mlango. Mimi kila kona asubuhi ile niliiingia kama mtu anayekula kitu anachokipenda, asiyetaka sahani iishe.

Dodoma

Samweli alitoka nje aliposikia honi. Alilitazama gari kwanza, akalizunguka, akagusa pale mlangoni penye mkwaruzo, ndipo akaja kunisalimu. Pembeni mwa nyumba kulikuwa na kibanda kipya cha mabati, mlango wake mpana.

"Hiki cha nani?"

"Cha gari, mama," akasema, na akawa na heshima ya kutazama chini.

Tulioga, tukala. Mkwe wangu alipika vizuri, sina neno naye. Samweli alipokunjua mikono yake mezani nikajua hotuba inakuja, nikaiwahi. Nikamsimulia Mzee Yohana, tangu weupe ule mpaka kiganja kilichochunika. Sikupunguza.

Akaruka kwenye kiti. "Unaona! Si nilisema? Krismasi nilisema!"

"Ulisema juu ya nguzo. Mimi nasema juu ya mtu. Nguzo haikuwa sababu, Samweli. Uliitafuta sababu kabla haijafika, ukaitangaza mbele ya wageni wangu."

"Kwa hiyo unaacha?"

"Nimeshaacha. Leo asubuhi ilikuwa ya mwisho, na sikukungoja wewe."

Nadhani alijiandaa kwa vita, akakuta uwanja hauna mtu. Akanyoosha mkono juu ya meza, kwa upole kabisa. "Basi mama, lete funguo. Umefanya jambo la busara."

"Funguo za nini?"

"Za gari."

"Nimeacha kuendesha. Gari sijaacha. Gari linarudi Lushoto."

"Lushoto litafanya nini? Utalitazama?" Sauti ilianza kupanda. "Nani atakayeliendesha, mama? Nani?"

Hapo ndipo nilipokwama, sitaki kuwaficha. Nilikuwa sijafika huko. Nilijua tu kwamba kuna mwanamke Morogoro hospitalini ambaye angekuwa bado amekaa uani kwake akingoja basi likitaka, na kwamba wa namna yake wako Lushoto tele, kwenye mabonde ambayo hakuna basi linaloyataka.

Zaina alikuwa anamalizia mfupa. Akauweka pembeni, akafuta vidole.

"Mimi," akasema.

Samweli alicheka kwa adabu. "Mama Zaina, na wewe si kijana."

"Mimi siyo. Lakini macho yangu hayajui hilo. Nimetoka Lushoto mpaka hapa nikimtajia mama yako kila mbwa. Kazi nusu ninaijua, imebaki miguu na mikono."

Sikuwahi kumwazia. Miaka yote nimempakia na kabichi zake, nikimwona abiria. Nilimtazama nikaona yule mtu aliyeruka juu ya spana.

"Atafundishwa na nani?" Samweli akauliza.

"Na mimi," nikasema. "Lakini leo nimechoka, na kwetu hakuna uwanda. Hapa upo. Utaanza wewe, kesho, kabla hujaenda kazini."

Alikataa. Akasema hawezi, akasema watu watamwonaje. Mkewe, aliyekuwa hajatia neno, akasema, "Mfundishe, baba. Kule kwetu mimi mwenyewe nilizaliwa kwenye mkokoteni."

Kwa hiyo kila mtu aliyekuwa Dodoma wiki ile aliona Landrova inakwenda kwa kurukaruka kwenye uwanda nyuma ya nyumba za watumishi, na ofisa mmoja amevaa viatu vya kazi anakimbia pembeni yake akipiga kelele, "Klachi! Mama Zaina, klachi!" Mimi nilikaa kwenye kigoda kivulini mwa kile kibanda cha mabati. Siku ya tatu aliendesha mstari ulionyooka mpaka akawa vumbi tu kwa mbali, na Samweli akasimama ameshika kiuno, akasahau kwamba nipo, akasema, "Sasa yule anajua."

Kurudi

Samweli aliomba likizo akaturudisha yeye mwenyewe. Anaendesha kasi mno, nikamwambia. Morogoro tulipita hospitalini. Yule mama amejifungua kwa kisu, mtoto wa kike, wote wazima. Kuanzia Mombo kupanda, Samweli alishika usukani kwa mikono yote miwili. Nyumbani aliweka funguo mezani, mbele yangu, bila kuombwa. Akalala siku moja, akashuka kwa basi.

Zaina alifanya mtihani wa leseni Tanga akashindwa, akafanya tena akapita. Mmeshamwona akipita. Nimesikia pia mnayoyasema dukani, kwamba wanawake wawili wazee wataua watu. Njooni mpime macho yake. Kabla hamjafika mlangoni atakuwa amewataja majina. Juzi tumemtoa mama mjamzito kutoka bondeni, msiulize bonde gani kwa sababu njia yenyewe si ya gari, na Zaina hakugusa hata jiwe.

Mimi nakaa upande wa abiria. Mikono nimeizoeza kutulia mapajani. Mguu wa kulia haujakubali. Kila kona ya kushuka Soni unakanyaga sakafu kwa nguvu zangu zote.

"Ondoa mguu, dada," Zaina ananiambia bila kugeuza kichwa. "Breki ziko huku."

Siuondoi.